Rover: kwa nini chapa moja ilikufa na ndugu zake wakaishi

Tarehe 9 Mei mwaka 2000, kampuni ya magari ya Rover iliuzwa kwa pauni 10 za Uingereza. Si pauni milioni 10, bali pauni 10 tu, fedha ambazo mtu angeweza kuzitoa mfukoni akalipia chakula cha mchana. Muuzaji alikuwa BMW ya Munich, ambayo miaka 6 kabla ya hapo ililipa pauni milioni 800 kwa asilimia 80 ya hisa za kampuni hiyo. Miaka 5 baada ya mauzo hayo, kazi ilisimama katika kiwanda cha Longbridge, kusini-magharibi mwa jiji la Birmingham, na watu wapatao 6,000 wakajikuta hawana ajira.

Kwa Waingereza wengi, kisa hiki husimuliwa kwa ufupi: wageni walinunua mali yetu, wakaiua. Upande wa Ujerumani husimuliwa kinyume chake: tulimwaga mabilioni kumtibu mgonjwa asiyetaka kupona. Kila simulizi ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, lipo jambo ambalo haliafikiani na simulizi yoyote kati ya hizo mbili. Land Rover, iliyozaliwa ndani ya kampuni hiyo hiyo, ilipita katika mikono ya Wajerumani hao hao, kisha ya Wamarekani, kisha ya Wahindi, na ingali hai. Mini nayo, iliyokuwa ikiundwa Longbridge hiyo hiyo, ingali mali ya BMW na inauzwa duniani kote. Swali la kuuliza, basi, si kwa nini wageni waliiua Rover. Swali ni kwa nini ndugu mmoja alikufa na wengine wakaishi, ilhali wote walilelewa na wageni.

Jina lililoanzia kwenye baiskeli

Jina la Rover ni la kale kuliko magari yake. Mwaka 1885, John Kemp Starley, fundi wa mji wa Coventry katikati mwa Uingereza, alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo, baiskeli iliyotamba ilikuwa na gurudumu kubwa mno la mbele, na mwendeshaji alikaa juu sana hata kuanguka kukawa ni hatari ya maisha. Baiskeli ya Starley iliitwa Rover, yaani mtembezi, na ilienea Ulaya kwa kasi kiasi kwamba hadi leo neno la Kipolandi la baiskeli ni "rower". Gari la kwanza la kampuni hiyo lilitoka mwaka 1904, miaka 3 baada ya Starley kufariki dunia.

Katika miongo iliyofuata, Rover lilikuwa gari la daktari, wakili na meneja wa benki: mtu mwenye uwezo asiyependa kujionyesha. Modeli ya Rover 2000 ndiyo iliyotunukiwa tuzo ya kwanza kabisa ya Gari Bora la Mwaka barani Ulaya, ya mwaka 1964. Margaret Thatcher alipowasili Downing Street mwaka 1979 kuanza kazi ya uwaziri mkuu, alishuka kutoka kwenye gari la Rover.

Mtoto maarufu zaidi wa kampuni hiyo alizaliwa kwa dharura. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chuma kilitolewa kwa mgao, na viwanda vilivyouza bidhaa nje ya nchi ndivyo vilivyopewa kipaumbele. Mhandisi mkuu wa Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani humo alitumia Jeep iliyobaki kutoka jeshi la Marekani. Kutokana na hali hiyo likazaliwa wazo la kuunda gari la shamba lenye bodi ya alumini, madini ambayo hayakuwa adimu kama chuma. Gari hilo lilionyeshwa mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Lilikusudiwa kuipatia kampuni riziki ya muda tu, hadi magari ya kawaida yatakaporejea sokoni.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa yaliyofuata. Landrova liliingia katika Kiswahili kama neno la kawaida. Lilikuwa gari la mkuu wa wilaya, la polisi, la mbuga za wanyama na la misheni, na katika baadhi ya vijiji lilikuwa gari la kwanza kuonekana. Mwezi Oktoba 2024, mamia ya magari hayo, mengine yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake, yalikusanyika mjini Arusha kwa tamasha lake.

Ugonjwa ulioanzia nyumbani

Mwaka 1967, Rover ilijiunga na kundi la Leyland, na mwaka uliofuata, kwa himizo la serikali ya Harold Wilson, liliundwa shirika kubwa la British Leyland. Chini ya paa moja zilikusanywa chapa za Austin, Morris, MG, Jaguar, Triumph, Rover na Land Rover, pamoja na malori na mabasi. Wakati huo shirika hilo liliuza takriban asilimia 40 ya magari mapya nchini Uingereza.

Ukubwa huo ulikuwa pia udhaifu wake. Chapa zilizokuwa mahasimu jana ziliendelea kugombania wateja wale wale, kila moja na viwanda vyake, mawakala wake na wahandisi wake. Rover na Triumph, kwa mfano, zililenga mnunuzi mmoja. Uongozi na vyama vya wafanyakazi viliishi kama nchi mbili zenye vita, na migomo ilisimamisha kazi mara kwa mara. Mwaka 1975 serikali ililazimika kulinunua shirika hilo ili lisifilisike.

Mfano ulio wazi zaidi wa hali hiyo ni Rover SD1 ya mwaka 1976. Lilikuwa gari la umbo la kuvutia, nalo likapewa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Ulaya ya 1977. Lakini wateja waliolinunua walilalamikia rangi iliyobanduka, milango isiyofunga sawasawa na mifumo ya umeme isiyotabirika. Mnunuzi anaweza kusamehe gari lisilo zuri kama linadumu. Ni vigumu zaidi kusamehe gari zuri linalomwacha barabarani.

Yote hayo yalitokea wakati kampuni ikiwa mali ya Waingereza, ikiongozwa na Waingereza na kusimamiwa na serikali yao. Hakuna mgeni aliyekuwa amegusa hisa hata moja.

Mjapani anaingia kwa mlango wa nyuma

Mwaka 1979, British Leyland ilitia saini makubaliano ya ushirikiano na Honda ya Japani. Gari la kwanza la ubia huo, Triumph Acclaim la mwaka 1981, lilikuwa kwa kweli gari la Honda lililoundwa Uingereza. Baadaye zikafuata Rover 200, 400, 600 na 800, ambazo zote zilisimama juu ya misingi ya Honda.

Ubia huo ulileta nafuu ya haraka. Magari yalianza kudumu, wafanyakazi walijifunza mbinu mpya za kukagua ubora, na vita vya kiwandani vilipungua. Lakini kila modeli iliyokopwa ilimaanisha modeli nyingine ambayo wahandisi wa Rover hawakuibuni wenyewe. Kampuni ya magari huishi kwa vitu vitatu: injini, msingi wa gari ambao juu yake modeli kadhaa zinaweza kujengwa, na watu wanaojua kuvibuni vyote viwili. Kadiri Rover ilivyozidi kuegemea vitu vya mwenzake, ndivyo uwezo wake wa kusimama peke yake ulivyozidi kupungua.

Mwaka 1988 serikali ya Thatcher iliiuza Rover kwa kampuni ya ndege na silaha ya British Aerospace kwa pauni milioni 150, kwa sharti kwamba isiuzwe tena ndani ya miaka 5. Muda huo ulikwisha mwaka 1993. Honda, iliyokuwa na asilimia 20 ya kampuni ya magari ya Rover, ilitarajia kuongeza hisa zake hadi karibu nusu na kuendelea na ubia. Badala yake, mwezi Januari 1994, British Aerospace ilitangaza kwamba sehemu yake yote imeuzwa kwa BMW. Wajapani walihisi wamesalitiwa, wakaondoa hisa zao. Kwa hiyo BMW ilinunua kampuni ambayo magari yake mengi yalitegemea ujuzi wa mshindani wake, na mshindani huyo alikuwa ameudhika.

"Mgonjwa wa Kiingereza"

BMW ilikuwa na sababu zake. Wakati huo iliaminika kwamba kampuni ndogo za magari zitamezwa na kubwa, na BMW ilihofia kuwa miongoni mwa zitakazomezwa. Ilihitaji magari madogo na magari ya kupanda milima, na Rover ilikuwa na Mini na Land Rover. Mkuu wa BMW, Bernd Pischetsrieder, alikuwa pia mpenzi wa historia ya magari ya Uingereza. Alec Issigonis, aliyeibuni Mini, alikuwa ndugu katika ukoo wao.

Mwanzoni Munich iliiacha Rover ijiendeshe yenyewe. Ilipotambua ukubwa wa matatizo, muda wa thamani ulikuwa umepita. Hapo yakaibuka matatizo mawili ambayo fedha peke yake haikuweza kuyatatua.

La kwanza lilikuwa la nafasi sokoni. BMW tayari iliuza magari ya saluni kwa watu wenye kipato kizuri. Rover nayo iliuza magari ya saluni kwa watu wa aina hiyo hiyo. Haikuwa rahisi kwa mzazi kumruhusu mtoto wa kambo kushindana na mtoto wake wa kuzaa. Kwa hiyo gari jipya la Rover 75 lilipewa sura ya zamani: urembo wa kromu, mbao ndani, mwendo wa upole. Lilikuwa gari lililoundwa vizuri kuliko Rover nyingine yoyote ya miaka ya karibuni, lakini halikuwapa wanunuzi wapya wa umri mdogo sababu ya kuingia kwenye duka la Rover.

La pili lilikuwa la sarafu. Mwishoni mwa mwaka 1995, pauni moja ilikuwa na thamani ya takriban maki 2.2 za Ujerumani. Ilipofika mwaka 2000, ilikuwa imevuka maki 3. Athari yake ni hii: gari lililouzwa Ujerumani kwa maki 30,000 lilikiletea kiwanda zaidi ya pauni 13,600 kabla ya mabadiliko hayo, na pauni 10,000 tu baada yake. Mishahara ya Longbridge, umeme na vipuri vya Uingereza vililipwa kwa pauni zile zile. Hata kiwanda chenye afya kingetikisika. Gari liloagizwa kutoka nje, wakati huo huo, lilikuwa nafuu zaidi kwa mnunuzi wa London.

Siku ya uzinduzi wa Rover 75 mwezi Oktoba 1998, katika maonyesho ya magari ya Birmingham, Pischetsrieder aliwaeleza waandishi wa habari kwamba mustakabali wa Longbridge uko mashakani iwapo tija haitaongezeka na serikali haitasaidia. Aliyasema kwa nia ya kushinikiza. Wanunuzi walisikia jambo jingine: kwamba hata mwenye kampuni hana imani nayo. Mteja wa gari hununua pia ahadi kwamba fundi na vipuri vitapatikana miaka 10 ijayo, na ahadi hiyo ilikuwa imetikiswa na mwenye mali mwenyewe.

Magazeti ya Ujerumani yaliibandika Rover jina la "Mgonjwa wa Kiingereza", likiwa limekopwa kutoka filamu iliyovuma miaka hiyo. Mwezi Februari 1999, mgogoro ndani ya bodi ya BMW ulimng'oa Pischetsrieder pamoja na mpinzani wake mkuu, Wolfgang Reitzle, siku moja. Msaada wa pauni milioni 152 ulioahidiwa na serikali ya Uingereza ulikwama katika uchunguzi wa Umoja wa Ulaya kuhusu ruzuku. Hesabu za BMW za mwaka 1999 zilionyesha hasara ya takriban yuro bilioni 2.5 kwa sababu ya Rover. Mwezi Machi 2000, Munich ilitangaza kwamba inajitoa.

Mirathi ya mtu aliye hai

Ugawaji uliofuata unafanana na mirathi inayogawanywa kabla mwenyewe hajafa. BMW ilibaki na Mini mpya, ambayo maandalizi yake yalikuwa yamekaribia kukamilika, na ikaihamishia katika kiwanda cha Oxford. Ford ya Marekani ilinunua Land Rover na kiwanda chake cha Solihull kwa takriban pauni bilioni 1.8. Gari la ukubwa wa kati lililokuwa likibuniwa ili kuokoa Longbridge lilibaki Munich.

Kilichobakia kilikuwa kiwanda cha Longbridge, jina la MG, ruhusa ya kutumia jina la Rover, na modeli ambazo nyingi zilikuwa zimezeeka. Tarehe 1 Aprili 2000, makumi ya maelfu ya watu waliandamana mjini Birmingham kupinga kiwanda kufungwa. Wakati mpango wa kwanza wa mauzo ulipovunjika, kundi la wafanyabiashara wa Uingereza lililoitwa Phoenix, likiongozwa na mkuu wa zamani wa Rover, John Towers, liliinunua kampuni kwa zile pauni 10. BMW iliongeza mkopo usio na riba wa pauni milioni 427 ili ijiondoe bila kubeba lawama ya kufunga kiwanda.

Hapa simulizi ya "wageni waliiua" inakutana na kikwazo chake kikubwa. Kwa miaka 5 ya mwisho, Rover ilikuwa tena mali ya Waingereza, na walioinunua walipokewa Longbridge kwa shangwe kama wakombozi. Lakini kubuni gari moja jipya kunahitaji mamia ya mamilioni ya pauni, na kampuni haikuwa nazo. Ilirembesha modeli za zamani. Ilileta kutoka India gari dogo la Tata Indica na kulibandika jina la CityRover. Iliuza ardhi ya kiwanda kisha ikaikodi. Mwaka 2004 iliiuzia kampuni ya SAIC ya Shanghai haki za ubunifu wa Rover 25, Rover 75 na injini zake kwa pauni milioni 67, ikitumaini kwamba Wachina hao watakuwa wabia.

SAIC ilikuwa imekwisha kupata ilichokihitaji. Mazungumzo ya ubia yalivunjika mwezi Aprili 2005, katikati ya kampeni za uchaguzi mkuu wa Uingereza. Serikali ilitoa mkopo wa pauni milioni 6.5 uliotosha kulipa mishahara ya wiki moja, kisha wasimamizi wa ufilisi wakachukua funguo. Ripoti ya wakaguzi iliyochapishwa mwaka 2009 ilibainisha kwamba wakurugenzi wanne wa Phoenix pamoja na mtendaji mkuu walijipatia takriban pauni milioni 42 za malipo na pensheni katika kipindi hicho.

Kwa nini Land Rover haikufuata njia hiyo

Land Rover nayo ilikuwa na magari yaliyosifika kwa kuharibika. Ilitoka katika mfumo ule ule wa British Leyland wenye migomo na uhaba wa fedha, na ilipigwa na pauni ile ile yenye nguvu. Tofauti ilikuwa katika mambo matatu.

Kwanza, haikuwa na mshindani ndani ya nyumba ya mwenye mali. Si BMW wala Ford iliyokuwa na kitu kinacholingana na Range Rover. Kila fedha iliyowekwa humo haikumnyang'anya mteja ndugu yake. Range Rover ya mwaka 2001 ilibuniwa kwa fedha na injini za BMW, ikazinduliwa chini ya Ford.

Pili, ilikuwa na ujuzi ambao haukukopwa. Wahandisi wa Solihull walijua jambo moja kuliko karibu mtu yeyote duniani: jinsi ya kuunda gari linalopita mahali pasipo na barabara na bado likamfaa tajiri wa mjini. Mnunuzi wa kampuni alikuwa ananunua watu hao na elimu yao. Kwa Rover, mnunuzi alikuwa ananunua nembo na majengo.

Tatu, ilipata mwenye subira. Tata ya India iliinunua Land Rover pamoja na Jaguar kutoka kwa Ford mwaka 2008 kwa dola bilioni 2.3. Miezi michache baadaye mfumo wa fedha wa dunia uliporomoka, na wengi walitabiri kwamba Ratan Tata amejitwisha mzigo utakaomvunja mgongo. Tata haikuuza wala haikukatisha utafiti wa magari mapya. Range Rover Evoque, lililotoka mwaka 2011, lilileta wateja ambao hawakuwahi kuifikiria Land Rover kabla.

Kufaulu huko hakukuwa na baraka kwa kila mtu. Landrova la zamani, Defender, liliacha kuundwa Solihull mwezi Januari 2016. Mrithi wake anaundwa Nitra, nchini Slovakia. Chapa iliishi, lakini sehemu ya kazi ilivuka mipaka. Mini nayo ina makao Oxford, lakini baadhi ya modeli zake za umeme huundwa China. Kuokoka kwa jina na kuokoka kwa ajira ni mambo mawili tofauti, na wanasiasa wanaoahidi yote mawili kwa pumzi moja hustahili kuulizwa zaidi.

Jina kwa huyu, mitambo kwa yule

Baada ya ufilisi, kampuni ya Nanjing ya China ilinunua mabaki ya Longbridge mwaka 2005. Mitambo ilifunguliwa, ikapakiwa na kusafirishwa kwa meli. SAIC, iliyoimeza Nanjing miaka miwili baadaye, ilianza kuunda Rover 75 nchini China, lakini haikuweza kuliita Rover. Jina lilikuwa bado la BMW, na Ford ilikuwa na haki ya kwanza ya kulinunua ili kuilinda Land Rover. Ford ilitumia haki hiyo mwaka 2006. SAIC ikabuni jina linalokaribiana kwa sauti, Roewe. Jina la Rover lenyewe lilikwenda kwa Tata mwaka 2008 na linakaa huko bila gari.

MG ilipata maisha mapya. Uundaji mdogo wa magari yake ulirejea Longbridge, ukasitishwa mwaka 2016, na sasa magari yanayouzwa Uingereza kwa jina hilo hutoka nje. Mwaka 2023, Waingereza walinunua zaidi ya magari 80,000 ya MG. Umoja wa Ulaya ulipotangaza ushuru wa ziada kwa magari ya umeme kutoka China mwezi Oktoba 2024, kiwango cha juu kabisa, asilimia 35.3, kiliiangukia SAIC, mwenye MG. Nembo iliyoanzia Oxford karne moja iliyopita ilihesabiwa forodhani kuwa bidhaa ya China.

Longbridge sasa ina nyumba, maduka na chuo mahali palipokuwa na laini za kuunganisha magari. Tafiti zilizowafuatilia wafanyakazi wa zamani zilionyesha kwamba wengi wao walipata kazi nyingine katika miaka michache, lakini wengi kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kiwandani. Takwimu za ajira zilipona kabla ya mifuko ya familia kupona.

Funzo hili haliwahusu Waingereza peke yao. Katika miaka ya 1970, kampuni ya Leyland na serikali ya Kenya zilianzisha kiwanda cha kuunganisha magari mjini Thika. Waingereza walipojitoa, jina la Leyland liliondoka, lakini kiwanda kilibaki na kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kikaendelea kuunganisha magari ya makampuni mengine. Thika ilipoteza jina ikabakiza mitambo na mafundi. Longbridge ilipoteza mitambo na mafundi, na jina likaenda kwingine.

Nchi inapouza kampuni yake, iwe ya magari, ya simu au ya saruji, mjadala huanza na kumalizikia kwenye uraia wa mnunuzi. Historia ya Rover inaelekeza maswali mengine. Je, mnunuzi tayari ana bidhaa itakayoshindana na hii? Kampuni inajua nini ambacho haikukopa kwa mwingine? Nani atamiliki michoro na haki za ubunifu, na je, zinaweza kuuzwa peke yake? Na mambo yakiharibika, fedha za wafanyakazi na pensheni zao ziko mahali gani ambapo wakurugenzi hawawezi kuzifikia? Wafanyakazi wa Longbridge walipata majibu ya maswali haya mwezi Aprili 2005, wakati hayakuwa tena na faida kwao.